Moto wa Plagi Nne

Wiki jana fundi mmoja hapa Kamenu aliniangalia usoni akaniita shosho, yaani bibi, akaniambia, "Shosho, hii pikapu imekufa. Nimeweka distribyuta kap mpya, nimeweka rota mpya, bado inakohoa tu. Ni ya skrapu." Kumbe watu wa skrapu, wale wanunuzi wa vyuma chakavu, alishawapigia simu yeye mwenyewe. Pikapu ya marehemu baba yangu! Nikamwambia atoke hapo mbele ya injini. Nilipoinama juu ya nyaya za plagi, rafiki yangu, nilisikia harufu ya uji.

Maana mimi nilikulia Ruiru, kwenye shamba la kahawa, baba akiwa dereva. Mwezi wa saba ukungu ulilala juu ya mibuni mpaka ng'ombe unamsikia tu, humwoni. Maganda ya kahawa yalinuka uchachu, ndoo za wachumaji ziligongana njiani, na pikapu ilikataa kuwaka. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye distribyuta kap, kile kifuniko cheusi kinachogawia plagi moto. Kukikausha ilikuwa kazi yangu. Nilikipangusa kwa sketi, nikakiweka kando ya mafiga, uji ukichemka hapo hapo. Nyanya alisema msichana anayeshika injini hataolewa. Niliolewa, nikazaa saba.

Siku moja nilirudisha nyaya ovyo. Pikapu ikapiga mlio kama bunduki, kuku wakapanda paa, wachumaji wakacheka: "Dereva, msichana wako amepika gari!" Baba hakunichapa. Hakujua kusoma, kwa hivyo nyaya nne alizipa majina yetu sisi watoto wanne. "Moto unaanza kwa kifungua mimba," akasema, "unaruka kwa wa tatu, unaenda kwa kitinda mimba, ndipo unarudi kwako wewe wa pili."

Nikanuna. Kwa nini mimi mwisho?

"Wewe ukikosa, gari lote linatetemeka. Na kwanza uangalie hii rota iliyo ndani ya kifuniko inazunguka upande gani. Usibishane nayo, ifuate."

Basi nikakifungua kile kifuniko kipya, nikamwambia fundi, "Piga stata."

"Shosho, utapigwa na stima!"

"Nilipigwa kabla mama yako hajazaliwa. Piga!"

Rota ikazunguka kushoto. Fundi nyaya alizipanga kwenda kulia, kama magari aliyozoea. Nikarudisha kifuniko, nikachomoa nyaya mbili, yangu na ya wa tatu, nikazibadilisha nafasi. Hiyo tu. Pikapu ikawaka, ikanguruma bila kukohoa hata mara moja. Fundi akashika kichwa. "Haki, shosho!"

Watu wa skrapu walifika na minyororo yao, wakasimama wakisikiliza. Mkubwa wao akaniuliza kama nauza au inabaki, kwani gari la zamani ni la zamani. Nikapanda, nikamwambia asogee kama anapenda vidole vyake vya miguu.

Leo ukienda Ruiru, pale palipokuwa na mibuni ni maghorofa, nguo zimeanikwa mpaka juu. Kahawa iling'olewa, sikuulizwa. Nyumba yetu ya udongo ilibomolewa na mafiga yakiwa ndani, sikuulizwa. Ndugu zangu watatu wamechukuliwa mmoja mmoja, na Mungu mwenyewe hakuniuliza. Pikapu hii ndicho kitu cha kwanza mtu ameniuliza kama kiende au kibaki. Nimesema kinabaki.