Ngazi za Anko Lionel

Enzi zetu pale Sparkbrook, mtaa wa wahamiaji huko Uingereza, mtoto hakuulizwa kama amechoka kucheza. Aliitwa kutoka dirishani na mama yeyote aliyetangulia kukasirika, akaingia nyumba yoyote iliyokuwa na chapati. Tuliruka kamba barabarani mpaka soksi zikaisha visigino, na harufu ya vitunguu vya mikahawa ya Ladypool Road ikatufuata shuleni ndani ya makoti.

Lakini kilichotuvuta zaidi ni gereji ya Anko Lionel, Mmarekani mweusi mrefu, mume wa Anti Nyambura aliyekuwa nesi pamoja na mama yangu. Kazi yake ilikuwa kubuni majukwaa ya michezo ya kuigiza. Kwao alianza kwa kupaka rangi mapazia, akapanda hadi kumbi kubwa za New York, kisha mapenzi yakamleta kwetu kwenye mvua. Kila jukwaa alilianza kama kijumba cha kadibodi, na kadibodi tulimletea sisi: makasha ya maembe kutoka madukani. Alitushukuru kana kwamba tumemletea mbao za mninga.

Mwaka mmoja alipewa mchezo wa familia iliyonyang'anywa nyumba. Wenye ukumbi walitaka kuta, makochi na mapazia ya maua, kama ilivyokuwa desturi. Yeye akajenga ngazi tupu, ndefu, na mwanga wa dirisha moja. Wakamwambia aongeze vitu, la sivyo watamtafuta mwingine.

Jioni hiyo tulikuwa kwake tukila ugali. Anti Nyambura akamwambia, "Lionel, si uwawekee tu hata kiti? Kwani kiti kitakuua?"

Akajibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Kiti hapana. Hawa watu, nyumba imekwenda. Watakaa wapi?"

Anti akamwongezea ugali. "Haya basi. Usiweke. Na wakikufukuza, utapika wewe."

Hawakumfukuza. Siku ya ufunguzi mama zetu walikuja na yunifomu za kazini chini ya makoti. Pazia lilipofunguka, watu walinong'ona, mmoja akacheka. Kisha mwigizaji aliyekuwa mama wa familia akapanda ngazi polepole, akafika juu palipopaswa kuwa na chumba chake, akasimama. Mama yangu, aliyeiacha Nyeri akiwa msichana, akanishika mkono. "Hakuna nyumba," akasema kwa sauti ndogo, "lakini mimi naiona."

Makofi yalikataa kuisha. Baada ya hapo wabunifu vijana walimiminika gerejini kujifunza, na Wamarekani wakaanza kumwita arudi kuwajengea majukwaa. Lakini usiku ule alituita sisi kwanza jukwaani. Tulikimbia tukipanda na kushuka zile ngazi, huku mama zetu wameketi kwenye vidato, viatu mkononi, wakicheka kama wasichana.

Anko Lionel ametangulia mbele ya haki, na wanafunzi wake sasa ndio wakubwa wa kazi hiyo. Juzi nilimpeleka mwanangu kwenye mchezo uliobuniwa na mmoja wao. Bahari nzima ikaja jukwaani kwa kubonyeza kitufe, mawimbi ya mwanga mpaka darini. Mwanangu akapiga miayo, akaniuliza kwa Kiingereza kama pana waifai. Bahari ilikuwa nzuri, sikatai. Ila mchezo ulipokwisha waliizima, na hapakubaki kitu ambacho mtoto angeweza kukipanda.