Kuwaarifu Nyuki kwa Simu

Asubuhi ile bibi niliyekuwa nikimtunza katika mji wa Barking, ughaibuni, alikataa uji. Kaka yake alikuwa amefariki kijijini kwao Lithuania, na yeye miguu haikumruhusu hata kufika kituo cha basi, sembuse kupanda ndege.

"Nyuki wameshaambiwa?" aliniuliza.

Nilidhani uzee unamchanganya. Kumbe ni desturi yao: mwenye mizinga ya nyuki, kama kaka yake, akifa, mtu wa damu yake huigonga na kuwapa nyuki habari kabla ya maziko. Wasipoambiwa, huhama au hufa. Katika ukoo alikuwa amebaki yeye tu, na maziko yalikuwa mchana huo. Akaniomba nipige simu kijijini.

Mimi nimesomea biolojia, na mdomo wangu hautulii. "Bibi, nani aliwahi kuchunguza? Nyuki hufa kila majira ya baridi, waambiwe wasiambiwe."

"Nimeomba simu, binti. Sikuomba mhadhara."

Nikawa natafuta namba ya jirani wa marehemu huku namdadisi. Utotoni mwake, alisema, serikali iliunganisha mashamba ya kijiji kizima, ikachukua ng'ombe, farasi, hata plau. Nikamwambia na kwetu Tanzania babu yangu alihamishiwa kijiji cha ujamaa.

"Mizinga walimwachia?"

Sikujua. Sikuwahi kuuliza.

"Sisi walituachia. Baba alisema waliogopa kuumwa. Ndiyo mali pekee tuliyoendelea kuiita yetu."

Jirani, mzee kama yeye, alipokea. Tulimsikia akihema na kukanyaga theluji hadi kwenye mizinga, kisha akagonga mmoja na kuusogezea simu. Bibi akasema maneno machache kwa lugha yao, kwa sauti ile ile ya kuniagiza chai. Mzee akasogea kwenye mzinga wa pili, na bibi akarudia.

"Umewaambia nini?" nikanong'ona.

"Kwamba bwana wao amekufa, sasa wao ni nyuki wa jirani, wasihame."

Walipomaliza, mzee akaweka simu kwenye tundu la mzinga wa mwisho. Ulisikika mvumo. Huenda ulikuwa upepo, huenda ni mtandao tu.

"Umesikia?" bibi aliuliza.

"Nimesikia kitu. Siwezi kuapa ni nini."

"Nani amekuambia uape?" Akavuta meza yake karibu. "Uji umepoa. Nenda kaupashe."