Mawe sita ya Jilani

Jua halijafika chini ya bonde, na Jilani Bin Amara amekwisha piga magoti juu ya tuta la mtu. Anakunja shati hadi begani, anateremsha mkono ndani ya utoro, ule mlango wa mawe ubavuni mwa lambo unaoachia maji ya ziada, na kupima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa moja. Anahamisha kiwiko. Nusu. Anarudia, kana kwamba huenda mkono umekosea.

Haujakosea. Kutoka juu ya tuta hadi kizingiti cha utoro panatakiwa dhiraa mbili. Hapa ipo moja na nusu, na kilicho chini ya vidole vyake si jiwe la zamani bali tofali la saruji, jipya, bado jeupe.

"Huyu mtoto," anasema kwa sauti ndogo. "Huyu mtoto wa Ufaransa!"

Ni Septemba katika milima ya Matmata, kusini mwa Tunisia, na mvua za kwanza zinaweza kuja siku yoyote. Bonde hili lina malambo kumi na mawili, moja chini ya jingine kama ngazi, na kila moja lina mwenyewe. Tuta la udongo hukinga mkondo, maji husimama na kuacha tope lake, na kwenye tope hilo hupandwa mizeituni na mitini. Yanayozidi hupita kwenye utoro kwenda kwa jirani wa chini.

Mwisho wa ngazi kuna nyumba thelathini na shule. Tuta moja likikatika, maji yake hulikuta la pili limeshajaa.

Jilani, 61, ni kibarua wa matuta. Hufukia mashimo ya panya, hushindilia udongo, hupanga upya mawe yaliyong'oka. Hupata dinari 35 kwa siku, na siku zenyewe hazizidi themanini kwa mwaka. Hagusi tuta la mtu bila neno la mwenyewe, hata kwa kikapu kimoja cha udongo. Walio mbali huwapigia simu, akaweka sauti nje mbele ya mashahidi wawili. Wakisema "chimba", ndipo anachimba.

Neno analolitaka asubuhi hii liko kwa Bi Zaara, mjane wa miaka 74, mwenye lambo la tano. Katika bonde zima hakuna mtu ambaye Jilani huona vigumu kumwomba kama yeye.

Anamkuta mlangoni akichambua shayiri.

"Shangazi, Nuri amekuzibia utoro."

"Hajaziba. Ameinua. Hujui tofauti?"

"Naijua. Uliozibwa huvunja tuta mvua ya kwanza. Ulioinuliwa husubiri ya pili."

"Miaka mitatu sijakamua tone!" Bi Zaara anatupa ungo kando. "Nanunua mafuta ya chupa kama mtu wa mjini. Mwanangu kaja likizo kutoka Ufaransa, kanihurumia, kanijengea ili maji yakae. Wewe umetumwa na nani?"

"Sijatumwa."

"Na kati ya watu wote, wewe! Wewe ndiye uje kunifundisha habari za utoro!"

Jilani anainamisha kichwa.

"Hakuna aliyekufa," anasema kila anapoisimulia habari ya utoro wake, kabla ya kitu kingine chochote. "Ilikuwa Jumapili, watoto hawakuwa shule."

Ni miaka kumi na sita sasa. Wakati huo alikuwa akioka mikate Tunis, akirudi nyumbani msimu wa mavuno. Lambo lake ni la nne, juu tu ya la Bi Zaara. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, na mizeituni yake ilikuwa ikipukutisha majani. Akapanga safu moja ya mawe juu ya kizingiti cha utoro wake, urefu wa shubiri mbili, yaani dhiraa moja, ili maji yakija yasimpite haraka.

"Nilijiambia ni mawe sita tu."

Mvua ilikuja alasiri moja. Maji yalipokosa pa kutokea yalipanda juu ya tuta, na udongo ukayeyuka kama sukari. Likaondoka lake, likafuata la Bi Zaara pamoja na mizeituni 43 aliyoipanda marehemu mumewe, yakafuata mengine matatu. Shuleni tope lilifika kwenye madawati.

Jilani hakurudi tena Tunis. Kwa misimu miwili ya baridi alibeba udongo kwa punda, akalijenga upya tuta la Bi Zaara. Mama huyo alimpa neno la kuchimba akiwa nyuma ya mlango. Chai hakumpa hata siku moja.

Asubuhi hii pia angeweza kugeuka aende zake. Hageuki.

"Basi usinisikilize mimi, shangazi. Pima mwenyewe."

"Mkono wangu mfupi. Utoro utaonekana mrefu."

"Hata kwa huo mfupi haufiki."

Bi Zaara anafunga kitambaa kichwani na kushuka, akilalamikia magoti yake njia nzima. Anajilaza juu ya tuta, anapima, anapima tena.

"Imepungua kidogo."

"Kidogo kama mawe yangu sita."

Mama anamtazama kwa jicho kali. "Na wako una ngapi? Wa kwangu unaujua hadi shubiri. Twende kwako!"

Wanapanda hadi lambo la nne. Bi Zaara anajilaza, anateremsha mkono, anahamisha kiwiko hadi kifua kinaning'inia utoroni. Moja. Mbili. Tatu, na vidole bado havijagusa kizingiti. Anajiinua polepole, anajifuta udongo kifuani. Anaitazama mizeituni ya Jilani, myembamba, ya kijivu, kisha ile yake iliyoko chini, iliyopandwa baada ya mafuriko na tayari imeizidi kimo.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipojenga upya."

"Mjinga wewe. Miti yako inakufa kwa kiu."

"Haijafa."

"Kwa hiyo miaka yote hii maji yako nakunywa mimi?"

"Yamepita tu, shangazi."

Bi Zaara anatoa simu. Anaweka sauti nje, ingawa hakuna shahidi ila punda.

"Nuri, matofali yako nayabomoa."

"Mama! Siku mbili nimejipinda mgongo!"

"Pole ya mgongo." Anakata. "Jilani, nyundo unayo?"

"Ninayo."

"Bomoa."

Siku ya tisa, baada ya sala ya alasiri, mvua ilishuka. Jilani alisimama na sepetu yake juu ya lambo la tano, nguo zimemganda mwilini. Maji mekundu yalijaa, yakapanda, yakafika kwenye kizingiti. Hapo yakatoka kwa kishindo kwenda kwenye la sita, kisha la saba, hivyo hivyo mpaka la kumi na mbili. Matuta yote yalisimama. Shuleni walimu walikuwa wameshapandisha vitabu juu ya makabati, lakini sakafu ilibaki kavu.

Mvua ilipokatika, Bi Zaara alikuja na birika na bilauri mbili. Jilani alionja, akakunja uso.

"Mbona tamu hivi?"

"Sukari ya miaka kumi na sita. Nimeitia yote."

Baada ya mavuno Jilani atainua tuta la Bi Zaara kwa nusu dhiraa, ashindilie tabaka kwa tabaka. Hapo kizingiti nacho kitapanda, na mama atapata yale maji aliyoyataka, bila kumtishia wa chini. Neno ameshampa, safari hii mlango ukiwa wazi. Ila ametia sharti: utoro wa lambo la nne nao urudi dhiraa mbili, kama wa watu wengine.

Jilani amelibishia sharti hilo kwa wiki nzima, na ameshindwa. Mawe yale sita anayo. Aliyaokota bondeni moja moja baada ya mafuriko, akayapanga chini ya mtini wake, na tangu siku hiyo hajayagusa.

"Januari nitayarudisha utoroni," anasema. "Lakini kabla sijaweka hata moja, nitamwita aje apime."

"Na kwa mkono wangu," Bi Zaara anadakia kutoka chini, kwenye mizeituni yake. "Mkono wako siuamini!"