Naomba Kuwakilisha

Dada yangu msusi ana vidole vyepesi na kichwa kilichojaa maneno. Mteja akitoka tu, huyo kwenye simu, anaandikia kamusi ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea. Maneno yote ya nywele mle ni kazi ya mkono wake. Halipwi hata senti, na ukimtania anacheka tu.

Sasa kulikuwa na mhariri, naye wa kujitolea, tukambatiza Mfagio. Asichoandika yeye, anafuta! Wageni anawaita mbumbumbu mpaka wanakimbia. Siku moja dada akamuuliza kwa adabu, "Kaka, kosa langu ni lipi?" Lo! Jamaa akafuta maneno yake yote, akamfungia akaunti, akaitisha kura afukuzwe moja kwa moja.

Jamani, niliwaka! Dada yuko katikati ya kichwa cha mteja, machozi yanamlengalenga, mimi namsomea kura. Watano wanataka afukuzwe, wawili tu wanamtetea.

"Huyu wa kwanza kamalizia, 'Naomba kuwakilisha.' Wa pili, 'Naomba kuwakilisha.' Wa tatu naye..."

"Ngoja!" Dada akaachia msuko. "Hoja inawasilishwa. Kuwakilisha ni kusimama kwa niaba ya watu. Mfagio ndiye anayekosea hivyo kila siku!"

"Basi leo hajakosea," mteja akadakia. "Kawawakilisha wote watano!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Papo hapo dada akawaandikia wasimamizi wakuu. Kabla hatujafunga saluni, jibu hilo: akaunti zote tano ni za Mfagio! Maneno yamerudishwa, Mfagio kavuliwa uhariri, na ufunguo wake wa kufuta na kufungia watu kapewa dada. Nilipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja mbio kuuliza nani kaposwa.

"Mfungie!" nikamwambia dada. "Mfungie hadi kiama!"

Akaitazama simu, kisha akaandika: "Kaka, kuandika karibu. Kufuta, sasa tutakuwa tunapiga kura."

"Ndiyo nini sasa? Mtu kakutukana, unamkaribisha?"

"Mdogo wangu, mimi nilifungiwa bila kuambiwa kosa. Yeye kaambiwa lake. Tumwone."

Nilinuna mpaka nyumbani. Mimi ningemfungia, nikaweka na komeo juu. Ndiyo maana ufunguo hawakunipa mimi.