Ng'ombe Aliyelala Mbele ya Jua

Leo nusura nichapwe fimbo kwa sababu ya picha ya jua.

Joto la Same mnalijua. Nilisimamisha pikipiki nje ya mji nipige picha jua likizama. Mbele yake kulikuwa na ng'ombe amelala. Nikasema hii ni picha kali, nikaipiga.

Mwenye ng'ombe, mama wa Kimaasai, akanijia na fimbo juu.

“Shikamoo, mama.”

Hakuitikia.

“Jua hilo likizama ndilo linalomuua ng'ombe wangu. Weka simu, shika mkia.”

Kumbe ng'ombe aliyedhoofika kwa ukame akilala mpaka giza, hainuki tena. Tukamvuta, akaanguka. Tukavuta tena, jua limebaki kipande. Akasimama, anatetemeka.

Mama akanitazama.

“Marahaba. Sasa mpige picha. Kesho sijui.”

Nimeweka hiyo hapa. Ile ya kwanza msiniombe.