Kibaba cha Mpingo

Shangazi Eda alimaliza ugali wa watu wanne, akakomba sufuria, kisha akalia kwa njaa. Nilikuwepo. Gauni lilimning'inia kama limetundikwa msumarini, na hospitali walikuwa wamempima bila kuona ugonjwa.

Shangazi anauza nafaka Majengo, Dodoma mjini. Mwaka huu, kwenye sanduku la marehemu baba yake, alikuta kibaba cha mpingo, cheusi, kilicholainika kwa mikono ya watu. Akaanza kupimia uwele. Tangu hapo gunia moja alilipima asubuhi hadi jioni na bado likasimama limejaa. Alifurahi. Kisha njaa ikaanza.

Baba mkubwa alipokiona kile kibaba aliruka kando. "Hicho si chetu! Kiliazimwa kwa mjane mmoja kijijini, huko mbele ya Mvumi, wakati wa njaa kubwa. Baba yetu aliondoka nacho, hakurudi."

Kwetu chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Hiki hakikurudishwa kabisa. Ndiyo maana mimi na shangazi tukasafiri.

Alfajiri tulipakia magunia mawili ya uwele kwenye gari la kukodi.

"Hilo la pili la nini, shangazi?"

"La kuuza mnadani. Mafuta ya gari nitayalipa kwa kulia?"

Baada ya mji, mashamba ya mizabibu yalitusindikiza, kisha yakatuacha. Vumbi jekundu lilitanda hadi milima ya mawe ikaonekana kuelea, haina miguu. Kondoo walivuka barabara bila mlio. Shangazi alikipakata kibaba huku anakula karanga, mkono ukienda na kurudi, na sikumbuki mfuko ule ukiisha.

Mchana tulifika kijijini. Kitukuu wa yule mjane, Mama Merina, alikuwa anachambua mlenda uani.

"Mbukwenyi!" tulibisha kwa salamu ya Kigogo. Nikaongeza shikamoo.

"Marahaba. Karibuni." Akakitazama kibaba muda mrefu, akacheka. "Hee! Kumbe mnakirudisha? Mlikuja kwa kinyonga?"

"Tusamehe, dada," alisema shangazi, akamweleza habari ya gunia lisiloisha na njaa iliyofuata.

Mama Merina alitusimulia alivyosikia kwa bibi yake. Mjane yule alimpa babu yetu kibaba kikiwa na nafaka yake ya mwisho, akanunulie ng'ombe Kondoa, arudi wagawane. Babu alipata ng'ombe, akahamia mjini. Mjane alikaa jikoni na mafiga baridi, akasema: anayekishika asishibe, mpaka kwanza kishibe chenyewe.

Tukafungua gunia, tukamimina. Uwele ulishuka ndani kwa sauti ya mvua ya mbali. Gunia likalala tupu. Kibaba hakikujaa hata nusu.

"Na lile lililobaki garini?" aliuliza Mama Merina.

"Lile la kuuza."

Kuku walisimama. Shangazi alinitazama, akatazama mikono yake iliyokonda, akaenda mwenyewe kuliburuta gunia la pili. Akachota konzi moja tu, akaweka. Kibaba kikafurika.

Tulipakuliwa ugali wa uwele kwa mlenda. Shangazi alikula matonge matatu, akanawa.

"Nimeshiba," alisema, kama mtu anayejaribu neno la kigeni. Akajifunika uso kwa kanga.

Jioni tuliaga. Mama Merina aliahidi kukiweka kibaba kaburini kwa mjane, kikiwa kimejaa vile vile. Lakini alitusindikiza nacho hadi garini, akikigeuza geuza kifuani.

"Dada, hebu niambie. Gunia lilikuwa haliishi kweli?"

"Achana nacho, mwenzangu."

"Nauliza tu, jamani!"

Njiani kurudi shangazi alilala, na taa za mji zilipotokea zilikuwa kama punje zilizomwagika gizani. Sasa anapimia kwa kopo la bati. Gunia linaisha haraka, naye ananenepa. Mimi nimejifunza kumtazama mtu mikono anaporudishiwa mali yake.

Juzi nilimpigia Mama Merina kumsalimu. Alisema biashara ya uwele imemkubali, wateja wanatoka hadi vijiji vya mbali. Nikamuuliza kama alikipeleka kibaba kaburini.

Nilichosikia ni kutafuna.