Kofia Iliyogeuka Kapu la Sadaka

Jumamosi, saa tano kasorobo asubuhi, ndipo aibu yangu ilianza, na nawaomba msinicheke (sawa, chekeni kidogo).

Tulikuwa tumetoka Kitale kwenda Kanduyi, kwa ukumbi wa kanisa, mashindano ya kueleza maneno ya Kiingereza yalitoka wapi, na mimi, ambaye hata jina langu likiitwa darasani naitikia kwa kunong'ona, nilipewa "handicap", lile neno la kubeti, timu dhaifu ikipewa bao la bure kabla mechi ianze. Mwalimu Nafula alikuwa ameniambia wazi, "Ukikwama hapo mbele, nakutoa kwa timu."

Sasa, zamani huko Uingereza watu wakibadilishana vitu walikuwa wanatia pesa kwa kofia, halafu wanaingiza mikono humo na kuitoa, imefumbwa ama imefunguliwa, kuonyesha kama wamekubali bei iliyokatwa na mwamuzi wao; ndiyo "hand in cap", mkono ndani ya kofia. Ningeeleza tu kwa mdomo! Lakini niliona nikionyesha kwa vitendo watu wataangalia kofia, si uso wangu, basi nikaazima ya mzee mmoja wa mstari wa mbele, nikaiweka mezani, nikatia sarafu, nikasema kwa sauti ya panya, "Wawili waje watie."

Si mnajua watu wetu wakiona kofia mezani? Mama mmoja akaanzisha wimbo, wengine wakadakia, foleni ikaja ikicheza na kutia sadaka, na wageni wa timu ya Lwakhakha ati hawawezi kushindwa kutoa na wenyeji. Nikasema "Ngojeni," nani asikie? Mchungaji akainua kofia, akaiombea (na mimi nikasema amina, woga huu!), kisha akaniletea maiki.

"Binti yetu, tumetolea kazi gani?"

"Ya kubeti," nikasema.



"Ati nini?" mama wa wimbo akauliza. "Mtoto ametuchezesha kamari kanisani!"

Nikakimbia nje nikilia, neno sijaeleza. Huko ndani wakabishana: sadaka hairudishwi, na pesa ya kamari hawapokei. "Si mzimwage basi," mzee mwenye kofia akalalamika, "ama nirudi nyumbani kichwa wazi?" Mwalimu Nafula hakuniongelesha mpaka Kitale.

Kofia mbele ya Wakristo sitaweka tena, hata nilipwe. Lakini leo asubuhi, kanisani kwetu, wakati wa ushuhuda, Mwalimu Nafula akiwa ameketi pale na wanakwaya, nilisimama, nikaeleza "handicap" mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma.